Kumchagua Chatu Mdogo, kwa Wasiosikia

Tangu nilipoliweka kapu chini, simu haitulii. Nilidhani kustaafu ni kukaa barazani nikachagua mchele wangu taratibu, mtu hanisemeshi. Kumbe ni kuulizwa swali lile lile na watu wasiokwisha. "Shikamoo Bi Somoe. Nichukue chatu yupi?" Marahaba. Nimeshajibu. Nilimjibu Hamza mbele ya kikundi kizima, nikamjibu tena tukiwa wawili, na juzi amenipigia kuniuliza kana kwamba hatujawahi kuonana duniani. Sasa naandika. Shule niliishia darasa la tatu, na mwandiko wangu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini unasomeka. Mwenye macho asome. Nikimaliza naizima simu.

Kwa asiyenijua, mimi nimecheza ngoma na chatu katika pwani hii ya Kilwa na Lindi tangu sijaolewa mpaka nimepata wajukuu. Kikundi chetu kina wapigaji, kina waimbaji, na kina mtu mmoja wa kapu. Mtu wa kapu ndiye anayewatunza chatu, anawalisha, anawaogesha, na ndiye anayewavaa shingoni uwanja ukiwa umejaa. Kazi hiyo sikuirithi kwa mtu. Baba yangu alilima mihogo. Mume wangu alipoliona kapu la kwanza linaingia chumbani alihamia kwa mama yake, akarudi korosho zilipoiva.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbonde, Mmatumbi wa Njinjo, mtu mfupi mwenye ulimi mkali. Siku ya kwanza alitukusanya wasichana akauliza, "Nani haogopi nyoka?" Wenzangu wakanyoosha mikono. Akawarudisha wote kwenye kuimba. Mimi nikabaki nimesimama.

"Wewe unaogopa?"

"Naogopa, Mzee."

"Sasa unataka nini hapa?"

"Sauti sina, na jembe limenichosha."

Akacheka, akanipa kapu. Nikalifungua. Tupu. Nikaambiwa nilibebe hivyo hivyo, nilioshe, nilianike, nilifunike kaniki, nitembee nalo bila kuligonga kwenye milango. Nikabeba kapu tupu mpaka watu wa mtaani wakaanza kuniuliza kama nimerogwa. Leo nikimwambia kijana abebe kapu tupu kwa siku mbili, ananiuliza video tutapiga lini.

Sharti la pili lilikuwa mikono. Ukitaka kumshika chatu, unanawa kwa majivu na maji, hutumii sabuni ya kunukia. Na mtu wa kapu hali kabla ya ngoma. Hili watu walilifanya uganga, wakasema Bi Somoe ana miko yake, anafunga kwa ajili ya mashetani. Hakuna shetani. Mkono uliochana kuku unanuka kuku, na chatu hajui kuku anaishia wapi na kidole kinaanzia wapi. Basi. Lakini mjue maana yake. Ngoma zetu kubwa ni za Sikukuu, na Sikukuu ni pilau. Wenzangu wote wakila pilau ya Idd ya moto, mimi nilikuwa nakaa pembeni na kapu langu nikinusa. Nilikuwa nakuja kula jioni, imepoa, mara nyingi imebaki ukoko. Miaka yote hiyo sikujua pilau ya Idd inakuwaje ikitoka jikoni.

Chatu wetu walitoka kwa wakulima. Mtu wa Njinjo anasafisha shamba la ufuta, anakuta chatu mchanga chini ya magogo, badala ya kumkata panga anatuma habari. Sisi tunakwenda na mtu wa maliasili, anaandika kibali, tunamchukua. Atakayewaambia kibali si lazima, mwambieni akalale yeye mahabusu.

Sasa, kuchagua. Kosa la kwanza wanalofanya wote, na nimechoka kulisema, ni kwenda asubuhi. Mtu anadamka, anakuta chatu kajikunja, mkimya, anashikika, anasema, "Huyu mpole." Asubuhi kila chatu ni shehe. Amepoa kwa baridi ya usiku, hata ulimi anautoa kwa uvivu. Mzee Mbonde alikuwa akifika kwa mkulima alfajiri, anasalimia, anakunywa uji, anauliza habari za watoto mmoja mmoja, anazungumzia nguruwe waliokula muhogo, mpaka mwenye nyumba anachoka naye. Jua likishapanda, chatu amepata moto mwilini, ndipo anasema, "Haya, mleteni tumwone." Nilimwona mtu mzuri wa mazungumzo. Ilinichukua muda kujua kwamba alikuwa anangoja jua.

Ukishapewa, usimshike kichwa. Nyoka anayeshikwa kichwa kwanza anajua amekamatwa na mwewe. Pitisha mkono chini ya tumbo, mbebe, mwache apite mikononi kama unamimina maji toka kiganja hiki kwenda hiki. Chatu mwenye afya anakushika kidogo, unahisi nyama zake zinafanya kazi. Anayening'inia kama khanga iliyoanikwa huyo si mpole, huyo mgonjwa. Mtazame mdomoni kama ana mapovu. Msikilize kama anakoroma. Mtazame chini ya kidevu kama ana utitiri, kwa sababu ukimleta mmoja mwenye utitiri umewaletea wote. Ukiona macho yake yamefifia kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho, anataka kujivua ngozi. Mwache, rudi akishajivua, hata wewe usingependa wageni siku hiyo.

Halafu atafoka. Chatu mchanga anafoka, na hapo ndipo wengi wanamkataa. Jamani, nani asiyefoka akitolewa usingizini na watu asiowajua? Mimi siangalii kama amekasirika. Naangalia hasira yake inakwisha lini. Akifoka, akakunja shingo kama ndoana, ukamfunika kichwa kwa kaniki, ukahisi mwili unalegea pole pole mkononi, huyo mchukue. Kuna mwingine hafoki kabisa, amejikaza tu kama kamba ya kisima, anakungojea. Huyo mrudishie mwenyewe.

Na angalia kama ni dume. Jike linakua kubwa, utakuja kulivaa shingoni likakushusha chini mbele ya wakwe zako. Pembeni ya tundu la nyuma kuna vikucha viwili vidogo. Dume anavyo virefu zaidi. Sitaeleza zaidi, mtu mzima anaelewa.

Upande wa kula ndiko waongo waliko. Mwambie mwenye chatu amlishe mbele yako. Akisema, "Amekula jana," rudi wiki ijayo. Akisema tena amekula jana, ondoka, usiage. Chatu asiyekula hafai hata awe mpole kama mto wa kulalia, maana upole wake ni njaa na unyonge, na siku nguvu zikirudi utamjua. Mimi namtaka anayekula bila maneno. Unampa panya aliyekwisha kufa, unene wake usizidi unene wa chatu mwenyewe pale alipo mnene, unamsogezea kwa kijiti. Usimpe panya hai, panya ana meno, nimeona chatu ametobolewa mgongo na chakula chake. Usimlishe ndani ya kapu la ngoma. Mlishe kwenye sanduku lake. Akizoea kula kapuni, kila ukifungua kapu anajua chakula kimekuja, na chakula ni wewe. Na tumbo likiwa na kivimbe, haguswi. Akiguswa atakirudisha, na hakuna harufu mbaya hapa duniani kama ile.

Kwa Ramadhani tulikuwa na kanuni yetu. Mwezi huo hatupigi ngoma, chatu wanakula kama kawaida yao, lakini kumi la mwisho likiingia, kapu halilishwi tena, yaani chatu wa ngoma hapewi kitu. Kwa hiyo siku ya Idd matumbo yao yamekwisha kusaga, wako wepesi. Kanuni nyepesi. Mtu yeyote aliyefunga anajua kumi la mwisho linaingia lini, haihitaji hata kalenda.

Hapa katikati niwajibu wale wa Dar es Salaam wanaotaka kufuga nyumbani. Mmoja alinipigia.

"Bibi, nataka chatu mdogo, mpole, asiyekua."

"Asiyekua ni mkanda. Nenda dukani kanunue mkanda."

"Na asile panya, Bibi, mama watoto anaogopa panya. Hawezi kuzoeshwa ugali?"

Nikakata. Akapiga tena. Nikamwambia kwanza aongee na mkewe, pili aongee na watu wa maliasili, na wote wakikubali, ndipo anitafute. Hajanitafuta. Mke ana akili.

Sasa nifike kwenye hili la mwaka huu, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Aliyekuwa aingie mahali pangu ni Mwanahawa, binti wa Mitwero, mwimbaji wetu. Ana mikono mikavu na hana papara, nilimwona mapema. Lakini alikuwa ameshaumwa na chatu. Hamza, kiongozi wa kikundi, aliyepata uongozi kwa sababu simu yake inapiga picha nzuri, alimletea chatu wa kujifunzia, akamtoa sandukuni na kumkabidhi muda mfupi baada ya wote wawili kunyonyoa kuku wa shughuli. Chatu akamkamata Mwanahawa kwenye kifundo cha mkono. Chatu hana sumu, lakini ana meno mengi na yote yamelala kuelekea ndani, ukivuta unachanika. Akavuta. Alama anayo mpaka leo.

"Bi Somoe," aliniambia, "akiniuma mwingine, narudi zangu Mitwero kukaanga maandazi. Maandazi hayaumi."

Na mwingine wa kapu hatukuwa naye. Nilitafuta. Wote wanataka kupigwa picha na chatu, hakuna anayetaka kufua kaniki yake. Mwanahawa akiondoka, kapu la Mzee Mbonde linafungwa, kikundi kinabaki ngoma na kelele kama vikundi vingine vyote.

Kabla ya Ramadhani Njinjo wakatupa habari ya chatu wachanga wawili. Mimi magoti yaliniweka nyumbani, nikawaambia Hamza na wenzake wangoje jua. Wakaenda asubuhi, wakawabeba wote wawili wakaniletea. Mmoja ana mabaka ya kung'aa, ungesema kitenge kipya. Wa pili amefifia, mkia una kovu la moto wa shambani, na alipofunuliwa akafoka mpaka Mwanahawa akaruka nyuma.

"Huyu wa mabaka ni wangu," Hamza akasema. "Mtazame, katulia kama nini! Huyu atatrendi, Bi Somoe."

"Umemshika saa ngapi?"

"Asubuhi. Hakufanya lolote."

"Asubuhi hata wewe hufanyi lolote."

Jua lilipopanda nikawashika wote. Wa mabaka alijikaza mikononi mwangu, kimya. Nikamwekea panya, akageuza uso. Yule wa kovu alifoka, nikamfunika kaniki, akalegea. Jioni akala, hakutaka kubembelezwa. Dume, vikucha virefu. Nikamwambia Mwanahawa, "Chatu wako ni huyu." Akanitazama kama nimempa talaka.

"Huyu kanifokea, Bi Somoe."

"Na mimi nimekufokea mara ngapi? Nimekuuma?"

Hakucheka. Siku ya vunja jungu, tukiwa tunakula kuukaribisha mwezi, nikamkabidhi kapu mbele ya wote, na chatu wa kovu ndani yake. Alilipokea kwa mikono miwili, lakini kila nilipopita kwake katika Ramadhani nilikuta kazi zote zimefanyika isipokuwa moja. Sanduku safi, maji safi, chatu ameshiba. Hajamshika. "Kesho, Bi Somoe." Nilikaribia kulia kwa hasira. Hamza naye alikuwa halali usingizi kwa ajili ya yule wa mabaka, maana chatu huyo hakula wiki baada ya wiki. Alimpa panya, akampa kifaranga, akambadilishia chumba. Mwishoni, tuko kumi la mwisho, karibu kabisa na kuandama kwa mwezi, akaja mbio.

"Bi Somoe, amekula! Kifaranga kizima!"

"Umemlisha leo?"

"Si naye alikuwa amefunga mwezi mzima kama sisi? Nikasema na yeye afuturu."

"Hamza, kumi la mwisho kapu halilishwi. Kesho kutwa mna ngoma Kiswere."

"Sasa nimwache na njaa Sikukuu? Hata Mungu hapendi."

Nikamwambia basi asimguse, amwache nyumbani. Akasema sawa. Kijana akisema sawa, mjue hajasikia.

Siku ya Idd Kiswere walitualika. Nilikwenda kama mgeni, nimevaa gauni langu jipya, nikawekwa kwenye mkeka pamoja na wazee wa kike. Kijiji kizima kilikuwa kinanuka kuku na bizari. Sinia likaja, moshi bado unapanda. Nikanawa, nikala. Wallahi nilikula. Mchele umechambuka, mdalasini unausikia puani, na paja la kuku nikalichana kwa vidole vyangu mwenyewe mchana kweupe.

Ngoma zikaanza. Mpango ulikuwa Mwanahawa afungue. Nikamwona ameshika kapu kifuani, hasogei. Hamza akaona watu wanangoja, simu ameshampa mtu apige video, akatoa chatu wake wa mabaka kwenye mfuko. Alikuja naye! Kivimbe nilikiona mimi toka mkekani. Nikapaza sauti, "Hamza, mrudishe!" Ngoma zikanimeza. Akamvaa shingoni, akazunguka, akaruka ule mruko wake wa kupendeza.

Chatu akafungua mdomo. Kifaranga kikatoka kama kilivyoingia, na maji yake, kikashuka kifuani kwenye kanzu nyeupe ya Idd. Harufu ikafika mpaka kwetu. Wanawake wakafunika pua kwa khanga, watoto wakashangilia, "Katapika! Katapika!" Kanzu ya Hamza sina la kuisema. Chatu mwenyewe hakufa, msiwe na wasiwasi. Alirudishwa mfukoni, akawekwa gizani, akapewa maji, na baadaye watu wa maliasili wakamrudisha msituni alikotakiwa kuachwa tangu mwanzo.

Lakini pale uwanjani ngoma zilikuwa zimenyamaza. Mzee mmoja akapiga kelele, "Ndiyo nyoka wenu hao? Basi tuleteeni kanda tucheze!" Watu wakacheka, wengine wakaanza kuondoka. Katikati amesimama Mwanahawa peke yake na kapu, mkono ule wenye alama ameuficha ndani ya khanga. Nikajua tumekwisha. Kesho maandazi.

Sikufikiri. Nikainuka pale mkekani na magoti yangu haya, nikavuka uwanja. Watu wakapiga vigelegele, "Bi Somoe! Bi Somoe!" na sikatai, ilinikaa vizuri. Nikanyoosha mkono kwenye mfuniko.

Mwanahawa akanishika kifundo. Akauinua mkono wangu mpaka puani kwake, mbele ya kijiji kizima, akanusa.

"Bi Somoe, umekula kuku."

"Mimi nimestaafu, kwa nini nisile?"

"Basi usiguse kapu langu. Rudi mkekani."

Aliniambia hivyo, mtoto niliyemfundisha kufunga kaniki. Hakuongeza hata tafadhali. Na mikono yake mwenyewe, nilipoitazama, ilikuwa na rangi ya majivu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amenawa. Midomo yake mikavu. Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi.

Nikageuka nikarudi. Nyuma yangu nikamsikia chatu anafoka kapuni, mara moja, kwa nguvu. Sikugeuka. Nikahesabu pumzi zangu tu, na kufoka hakukurudi. Ngoma ndogo ikaanza, halafu ile kubwa, na nilipokaa na kutazama, yule wa kovu alikuwa ametulia shingoni mwa Mwanahawa, ulimi anautoa taratibu, na mkia wake mbovu umelala juu ya ile alama ya kifundo.

Wazee wenzangu walikuwa wamenisogezea sinia. Pilau ilikuwa bado ya moto. Nikaendelea kula.

Kwa hiyo wanaotaka kujua wachukue chatu yupi, wamuulize Mwanahawa. Waende jua likishapanda, na kabla hawajabisha hodi wanawe mikono, maana atainusa.